Ngiri ya Shemeji Yako

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Kinu cha Unga.
9 Juni

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko mbali? Watoto wazima? Na ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umetulia? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Hayo mengine utayasoma mwenyewe.

Shemeji yako alifanyiwa upasuaji juma lililopita. Ukisikia kwa watu kwamba ni ngiri, itikia tu, ndivyo alivyowaambia kwao. Ukweli tunaujua yeye, mimi, daktari na sasa wewe. Vipimo vilionyesha mbegu zake zinatengenezwa vizuri, ila mrija wa kuzipitisha umeziba. Na mimi miaka yote ile nakunywa midawa michungu ya mama mkwe, kumbe sina hata kasoro!

Daktari alikata palipoziba akaunga upya, akitazama kwa hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Unanijua mimi na cherehani yangu, nilitamani kumwuliza sindano yake inatungwaje. Nikaona si wakati wake. Wagonjwa wengine ndugu zao walijaa korido nzima. Mimi nilikaa peke yangu kwenye benchi. Ningemwita nani, nimwambie nini?

Jana mama mkwe alikuja kumjulia hali. Akampa pole ya ngiri, akakaa kitandani, kisha akasema, nami nipo hapohapo namenya chungwa:

"Mwanangu, ukipona hebu fikiria. Umri unakwenda. Huyu tumemvumilia vya kutosha."

Nilimtazama mume wangu. Akageukia ukutani, akaomba maji. Nikamletea.

Namwonea huruma, dada, aibu imemzidi. Lakini jana niliumia kuliko miaka yote, maana zamani alinyamaza kwa kutojua.

Daktari anasema tungoje miezi kadhaa ndipo apimwe tena, tujue kama njia imefunguka. Naomba ifunguke, kwa moyo wangu wote.

Nisalimie shemeji, na binti yako mkubwa mwambie gauni lake limebaki vifungo tu. Mungu awalinde nyote.

Nawe niombee nipate mtoto. Siku hiyo mama mkwe atanishika tumbo, amshukuru Mungu kwamba hatimaye nimepona. Nami nitamwitikia, "Ahsante mama, nimepona."

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye na kukukumbuka sana.