Mshipi Haukatwi na Bahati, Bingwa

Ghorofani, juu ya duka la rangi
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Bingwa,

“Mshipi wa kuvulia kukatika ni bahati mbaya tu, dada. Hata mabingwa hukatikiwa.” Ndivyo ulivyoniambia jana kwenye simu, ukacheka, ukasema kuna mtu anabisha mlangoni, ukakata. Leo hunikatii. Barua haina kitufe chekundu.

Lakini adabu kwanza. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kifua kilichomsumbua wakati wa baridi kimepoa? Watoto naamini wanawachosha, kama watoto wenye afya wanavyopaswa. Mama yuko vizuri: anakula, anagombana na redio, na kila asubuhi anauliza kama umepiga. Mgongo wangu ni uleule, na wahariri wa magazeti nao ni walewale. Wananiogopa lakini barua zangu hawazichapishi. Sote ni wazima, isipokuwa mmoja, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Shemeji yako, mke wa mdogo wetu kinyozi, ameshonwa juu ya jicho la kushoto. Jana ulisikia kwamba ameumia, ukasema pole, lakini hukuuliza imekuwaje. Basi nakueleza bila kuulizwa.

Ijumaa kinyozi alifunga saluni mapema tukashuka ufukweni, yeye, mkewe na mimi. Maji yalikuwa yanavuta kwa nguvu kuelekea kwenye miamba, kwa hiyo akafunga chubwi kubwa, risasi nzito ya kutulia chini, juu yake akaweka yule samaki wa bandia mpya anayemwonyesha kila mteja. Vyote hivyo kwenye ule mshipi mwembamba uliomwachia wewe. Nikamwambia, “Funga kwanza kipande kinene mbele.” Akanijibu bila hata kunitazama, “Dada, hayo ya kizamani. Bingwa kasema fundo linaiba umbali.”

Akarusha kwa mzunguko wa mwili mzima, ule uliomfundisha ulipokuja likizo. Mshipi ukapasuka kwa kishindo. Chubwi halikwenda baharini. Lilikwenda kando, kule wifi yangu alikokuwa ameinama akikata ngisi wa ndoana yake, likatoboa ndoo iliyokuwa karibu na uso wake, na kipande cha plastiki kikampasua nyusi.

Unajua kinyozi alisema nini, kabla hajageuka? “Aa, chambo changu!” Wifi akamjibu damu ikimpita kati ya vidole, “Chambo chako kiko hapa kwenye nyasi, baba, kizima kabisa. Kikumbatie. Mimi nitajipeleka hospitali.”

Nimecheka baadaye. Pale sikucheka. Ingekuwa kidogo tu upande wa pili, ningekuwa nakuandikia habari ya jicho lililotoka, au ya mazishi.

Sasa turudi kwenye bahati yako. Radi ikimpiga mtu, hiyo ni bahati mbaya. Lakini risasi nzito ikizungushwa kwa nguvu zote za mwanamume mwenye kifua, uzito wake hapo hewani haufanani na uzito wake mezani, unakuwa mara nyingi zaidi, na uzi uliotengenezwa kwa ajili ya chubwi jepesi utakatika. Hauna njia nyingine. Watu wanajenga ghorofa kwa mchanga mwingi na saruji kiduchu, likianguka wanasema bahati mbaya. Basi halina breki, limepinduka, bahati mbaya. Nimechoka na neno hilo! Limekuwa shuka la kufunikia uzembe, na sikutegemea kulikuta kinywani mwa ndugu yangu.

Unadai mshipi mnene hauendi mbali. Kweli, ukijaza mshipi mnene kwenye rili nzima, hicho kigurudumu cha kuuzungushia, hautafika popote. Lakini nani alikwambia uijaze? Mshipi mwembamba unabaki kwenye rili, kinene ni kile kipande cha mbele tu, na kiwe kirefu kiasi kwamba chubwi likining’inia tayari kurushwa, bado kimezunguka rili mizunguko kadhaa. Hicho ndicho kinachobeba ule mshtuko. Fundo la kuunganisha lilowanishwe kwa mate, livutwe polepole, ncha zikatwe fupi, nalo litapita kwenye pete za fimbo ya kuvulia likinong’ona. Hatua chache utakazopoteza ziache zipotee. Samaki wengi tunaowapata wako karibu, pale mawimbi yanapochimba mchanga. Umbali wako ni wa kupigiwa makofi.

Na ulipigiwa, sikatai. Likizo ile ulirusha mbali kuliko wote waliokuwepo, hata wauza kahawa wakasimama kutazama. Lakini siku ile bahari ilikuwa shwari na chubwi lako lilikuwa dogo kama kokwa. Huko unakoishi unavua kwenye mchanga mtupu. Huku chini ni miamba na chaza wanaokata kama wembe. Ulitufundisha sheria za bahari yako ukaondoka, na mdogo wetu kazishika kama amri.

Baada ya hospitali niliichukua ile fimbo nikaikagua juu ya meza yangu ya chakula. Nilipitisha pamba ndani ya pete moja moja. Kwenye pete ya juu kabisa pamba ikanaswa, maana ina ufa mdogo usioonekana kwa macho, na ufa huo umekuwa ukiuparua mshipi kila anaporusha. Mshipi wenyewe, nilipouvuta kwa vidole, mkavu, umekwaruzika, unakatika kama tambi mbichi. Sishangai. Fimbo inalala kwenye dirisha la saluni, jua linaipiga kutwa nzima, na hajawahi kuisuuza chumvi kwa maji baridi. Breki ya rili nayo ilikuwa imelegea. Nilimuuliza kwa nini. “Bingwa anapenda ilegee.” Bingwa anapenda! Mnapovutana na samaki ilegee, mnaporusha ikazwe, la sivyo rili inateleza katikati ya mzunguko na mshipi unakula kidole.

Halafu mna ugonjwa mwingine, wewe na yeye na lile kundi lenu la kwenye simu. Kila chambo kikipotea mnasema kulikuwa na samaki mkubwa. Kwa hesabu zenu bahari hii imejaa majitu yanayotembea na vipuli midomoni. Ni mwamba, jamani! Chubwi limenasa kwenye mwamba. Lifungeni kwa kipande chake cha uzi dhaifu kuliko mshipi, likinasa uzi huo ukatike, lenyewe libaki na chambo kirudi. Na msivute kwa fimbo kama mnang’oa mhogo. Elekezeni fimbo kwenye mshipi, rudini nyuma taratibu mpaka ukubali. Mishipi mnayoikata na kuiacha kule inabaki imesokotana kwenye miamba, na wanaotembea hapo miguu mitupu ni majirani zetu.

Sasa sikia jambo linaloniuma kuliko yote. Kinyozi yuko saluni mpaka usiku, mkewe yuko kwenye jiko la shule tangu kabla ya mapambazuko. Ile Ijumaa ufukweni ndiyo saa yao. Nimewaona pale wakigombea ndoana, wakitaniana kama wachumba. Jana wifi ameniambia, kwa sauti ya chini kabisa, “Sitarudi tena kusimama karibu naye. Na wala hajaniambia amekosea. Anasema ilikuwa bahati mbaya.” Neno lako hilo, Bingwa, limesafiri kwa simu likaingia chumbani kwao. Naye kinyozi anajiandaa kwenda Ijumaa hii peke yake, pete ileile, mshipi uleule. Nimemfokea mpaka koo limekauka. Mimi kwake ni dada mkali tu. Anayemsikiliza ni wewe.

Mama anakusalimu na kukuombea, japo sijamwambia nusu ya haya. Mjomba wa posta anakusalimu, na jirani yetu fundi saa pia. Mpe salamu mkeo, wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko na atukutanishe uso kwa uso tukiwa na macho yetu yote.

Nawe wifi yangu wa huko, najua unasoma begani mwake: usimpe chakula kabla hajatii. Bingwa, mpigie kinyozi leo. Usimtumie sauti zenye vicheko. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulimfundisha vibaya, abadilishe pete, atupe mshipi ule, afunge kinene mbele, na asirushe mpaka ageuke kushoto na kulia aone nani kasimama wapi. Ukimaliza, mpigie shemeji yako umwombe radhi, na neno bahati lisikutoke kinywani.

Akupendaye, hasira na vyote,
Dada yako