Mama, Ulinificha Kifo Chako

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii kwa mazoea, kisha nikakaa nikiiangalia, kwa kuwa hakuna tena wa kuniitikia marahaba. Nimeiacha ibaki. Hata nikiwa na hasira nawe siwezi kuanza bila ya kukuamkia, ndivyo ulivyonilea.

Na hasira ninazo. Leo ni wiki ya saba tangu uzikwe Msambweni, na bado ninaamka nazo, ninakwenda nazo shuleni kuwafunza watoto wa miaka mitatu na minne. Kazi yangu ya huku Maskati waijua, nilikuwa nikikuhadithia: kufunga vifungo, kupangusa makamasi, kuimba wimbo mmoja mara kumi. Ulicheka ukasema, "Kumbe nimekusomesha chuo ukawe yaya." Kisha ukawa unamwambia kila mgeni kwamba mwanao ni mwalimu Uarabuni.

Siku niliyojua ilikuwa Jumatatu, saa ya watoto kula. Nilikuwa ninamenya chungwa. Mwanajuma, yule binti wa jirani yetu aliyeolewa Ukunda, alikuwa ameweka picha yako kwenye stetasi ya simu yake, umejitanda leso ya kijani, na chini yake ameandika Inna lillahi. Nyumbani walikuwa wamewaonya watu wote wa mtaa wasiniambie, wakamsahau yeye. Nilimaliza kulimenya lile chungwa, nikaligawa, kila mtoto kipande chake. Halafu nikatoka nje nikakaa chini.

Ulikuwa umezikwa Ijumaa baada ya sala. Jumamosi nilituma ujumbe kuuliza hali yako, dada Mwanamisi akajibu, "Mama amelala." Jumapili akajibu, "Mama anakusalimu sana." Nilipokea salamu zako ukiwa na siku mbili kaburini, nami nikazijibu. Nikaandika, "Mwambie nampenda."

Nilipompigia dada nilimuuliza neno moja tu, mama yuko wapi. Akasema, "Nani amekuambia?"

Kabla ya pole, mama. Kabla ya kulia.

"Ningekuambia ukiwa peke yako huko, nani angekushika?" akasema. "Na wala si sisi. Mama mwenyewe alisema, Saumu asijue mpaka shule ifungwe. Alituapisha."

Hapo hasira zangu zikamwacha dada, zikaja kwako.

Niliusikiliza tena ujumbe wako wa sauti wa mwisho. "Mimi sijambo mwanangu, ni mafua tu." Nyuma yako mwanamke anaita, "Nesi, dripu imekwisha huku." Siku ile nilikuuliza ni nani huyo. Ukanijibu, "Televisheni ya watu hiyo," nami nikaamini. Wiki tatu ulilala hospitali ukiniambia ni mafua. Ningekuja. Maskati si mwezini. Mwalimu mwenzangu mmoja alipewa ruhusa babake alipougua, akaenda, akakaa naye, akarudi. Mimi sikuomba ruhusa kwa sababu sikujua kwamba ninalo la kuombea.

Shuleni kwetu ipo kanuni moja, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni kila asubuhi kuisimamia. Mzazi haruhusiwi kumtoroka mtoto. Asingoje mtoto azame katika midoli kisha yeye anyate atoke. Ainame, amwambie, "Mimi ninakwenda, nitarudi adhuhuri," amwache alie mbele yake. Wazazi hawanipendi kwa hilo. Juzi mama mmoja aliniambia, "Wewe mwalimu wafurahia kuwaliza watoto." Nikamjibu, "Muage tu, bibi. Atalia kidogo, kisha atacheza." Mtoto aliyetorokwa hachezi. Hukaa akiutazama mlango mchana kutwa, na kesho yake humng'ang'ania mama yake nguo hata akienda chooni.

Ninamjua mtoto huyo. Nilikuwa na miaka mitano, nawe ulikuwa unakwenda Mackinnon Road kumuuguza mjomba. Ukaniambia, "Nenda kaniazimie upawa kwa jirani." Niliporudi na upawa, wewe hukuwapo. Shangazi alikuwa amekaa kibarazani, akaniambia umekwenda kisimani. Wiki nzima nililala na ule upawa. Uliporudi ulinikuta nimeukumbatia, ukasema, "Huyu atakuwa mpishi." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa furaha ya kukuona.

Tukaja tukamfanyia Rukia vilevile, mimi na wewe. Binti yangu alikuwa na miaka minne siku niliyosafiri. Ulimpeleka kuoga nyuma ya nyumba, ukamwimbia kwa sauti ya juu asisikie tuktuk ikiwashwa. Ulikuwa umekwisha kuniambia, "Ondoka, usigeuke nyuma, mimi nitamtuliza." Nikaondoka. Kila asubuhi ninapowaambia wazazi wa watu wawaage watoto wao, ninaona haya. Hasira nyingine ninazokutupia wewe ni zangu mwenyewe.

Sasa Rukia anakaa na dada. Siku ya mazishi walimpeleka Diani kwa jamaa, akakaa huko mpaka matanga yakaisha, kisha akaambiwa kwamba nyanya amekwenda Lunga Lunga. Kila nikipiga simu ya video huniuliza, "Nyanya atarudi lini?" na nyuma yake ninamwona dada ameweka kidole mdomoni. Wiki saba nimekitii kidole kile.

Jana nilichoka. Nilimwambia dada ampe simu na asiingilie.

"Utamuumiza mtoto, Saumu. Ngoja akue."

"Mimi si nimekua? Na bado mlinificha."

Akampa simu. Nikasema, "Rukia, nyanya hakwenda Lunga Lunga. Alikuwa mgonjwa, akafa, akazikwa. Hatarudi."

Akakwaruza ukuta kwa kucha.

"Miwani yake imo kabatini," akasema. "Nilimwambia mama mkubwa, nyanya ameenda bila miwani, hataona njia. Mama mkubwa akasema atapewa nyingine."

"Ukawa unaogopa?"

"Kila siku. Nilidhani ataanguka."

Umesikia, mama? Wiki saba mtoto wa miaka sita amekuwa akikuwaza ukipapasa njia peke yako, na sisi watu wazima tukisema tunamhurumia. Alilia, nami nililia, na sikumwambia anyamaze. Dada alikuja akakaa karibu yake akaanza kulia naye, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Hatimaye Rukia akapangusa pua akaniuliza, "Wewe ukiugua, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Ninajua ulinificha kwa mapenzi. Ulitaka nibaki na kazi yangu na usingizi wangu. Lakini ulikuwa wangu, na kule kukushika mkono kulikuwa haki yangu, ukaniondolea bila ya kuniuliza. Hasira zangu hazijaisha, wala sitakudanganya kwamba zimeisha. Shule ikifungwa nitakuja kaburini na Rukia, nikusomee Yasini, kisha nikugombeze mbele yake.

Mola akurehemu, mama, na akupe raha uliyoninyima nafasi ya kukutakia ukiwa hai. Kwaheri.

Ni mimi mwanao, mama yake Rukia