Dirisha la Jina

Sumbawanga

Kaka Zenon,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Mama amemaliza kuvuna ulezi, ila upepo umeezua jiko.

Kile kifurushi cha kuinstoli programu yetu ya kuficha watumiaji kwenye Windows, nilichokutumia Dar ukikague, kilirudi kikubwa kuliko nilivyokituma. Nilidhani umetia nembo. Nikawawekea wateja wote hapa kwenye intaneti kafe, nikawaambia: ukipitia humu, hakuna atakayejua wewe ni nani.

Kumbe uliongeza dirisha moja, linalompelekea tajiri aliyekuajiri kila jibu: “Jina lako nani?”

Kaka, unawajua watu wetu. Mfipa akiulizwa jina kwa adabu anataja na la baba, na kijiji, hata parokia. Ulilijua hilo ndiyo maana ukauliza. Mwalimu Scola alijaza yote, kisha akaliandikia gazeti habari ya mbolea ya wakulima ambayo tajiri wako anaivusha bandari ya Kasanga kwenda Kongo. Watu wake walimfuata hadi darasani, wakamwita kwa jina lake na la baba yake. Wanafunzi wake walimwona akipandishwa gari. Hajarudi.

Nilipokupigia simu ulicheka. “Mdogo wangu, hii ni biashara huria.”

Haya. Jana niliinstoli upya kifurushi chako, nikaliandikia gazeti habari ile ile ya mbolea, na mengine ambayo Scola hakuyajua. Dirisha likaniuliza jina, nami nina adabu. Nimeandika lako, na la baba yetu, na mtaa unaokaa.

Mdogo wako bado,
Herieth