Mama Mkwe Alipotea Chini ya Vibao Vyangu

Kwako Bi Mwanatumu,

Shikamoo. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako gazetini tangu nilipohamia Malindi, na kila mara nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani, maana sasa nimekwama na nisipopata mtu wa kunishika mkono, mwaka huu wa 1986 utaisha nikiwa nimempoteza msichana ninayempenda kuliko kitu chochote. Mimi naitwa Thuku, kwetu ni Nyeri, kazi yangu ni kuandika vibao kwa rangi, na kama umewahi kupita mjini hapa ukaona kibao cha kinyozi au cha duka la vitambaa chenye herufi nono zenye kivuli chekundu kwa chini, basi umeiona kazi yangu, na sijisifu, lakini watu husimama barabarani kuitazama.

Mchumba wangu ni Kache, fundi cherehani, kwao ni Kakuyuni. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni mama yake, na ami yake Mzee Kitsao ndiye anayesimamia mazungumzo ya posa. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, nimeshafundishwa desturi ya huko kwamba tembo la mnazi nitakalopeleka likinywewa ni ndiyo na likirudishwa ni hapana, na mimi si mnywaji lakini nilikuwa nimeanza kuuota huo mnazi ukinyweka.

Sasa, karibu na kwao kumejengwa kituo kipya cha afya, mabanda marefu yanayozunguka ua, baraza pande zote, na milango mingi ya kijani inayofanana, nami nikapewa kazi ya kuandika vibao vyote. Bi Mwanatumu, roho yangu yote niliiweka pale. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kioko, alinipa majina kama yalivyo katika karatasi za ofisi, Idara ya Wagonjwa wa Nje, Maabara, Kitengo cha Afya ya Mama na Mtoto, Stoo na Chumba cha Kutolea Dawa, nikaandika kila jina juu ya mlango wake, na langoni nikasimamisha ubao mkubwa kuliko kitanda wenye majina yote na mishale ya kwenda kila upande, hata ile ya kupinda kona, na Bwana Kioko alipouona alinipa mkono akasema hata Nairobi hakuna ubao kama huu.

Kituo kikaanza kupokea watu hata kabla ya sherehe ya kufunguliwa, na mmoja wa waliokuja mwanzo alikuwa mama yake Kache, amembeba mjukuu mwenye homa mgongoni. Yaliyotokea niliambiwa na Mwambire, bawabu wa langoni. Mama alisimama mbele ya ubao wangu muda mrefu, na usidhani hajui kusoma, kanisani kwao yeye ndiye anayewasomea wenzake, kisha akamuuliza Mwambire mtoto wa homa anatibiwa wapi, na Mwambire akatupa mkono kama anayefukuza kuku akasema, "Kule." Mama akaenda kule, akasimama chini ya kibao changu, akasema hodi. Ndani watu walikuwepo lakini mashine ya kupiga chapa ilikuwa ikilia, hakuna aliyesikia. Akasema hodi tena. Kimya. Akaenda mlango wa pili, hodi, kimya, akaizunguka baraza yote akijibiwa na milango tu, mpaka akajikuta amerudi langoni. Akaketi, akachoka, akaenda zake akanunua vidonge dukani. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Siku niliyopeleka mnazi nilikuta nyuso zimebadilika. Vibuyu havikuguswa. Mama akasema mbele ya watu wote, "Huyu kijana amenizungusha na mgonjwa mgongoni kama mwizi atafutaye dirisha. Nimpe mwanangu, ampeleke wapi?" Nikarudi na vibuyu vyangu, Bi Mwanatumu, na ukitaka kujua aibu ni nini, tembea Kakuyuni nzima ukiwa umebeba mnazi uliokataliwa.

Kinachonichoma ni kwamba mlango haukufungwa kwa ufunguo! Ulirudishwa tu kwa ajili ya vumbi! Alitakiwa kusukuma, basi! Na herufi zangu ni kubwa kama sahani. Rafiki yangu Joram, tunayeishi naye chumba kimoja, ananiambia nimchukue Kache twende Nyeri, tutarudi baadaye na mtoto na watatuzoea. Kache amesema hatoki kwao kwa mlango wa nyuma. Mimi nilifikiri niongeze mishale, lakini Bwana Kioko amesema hakibadiliki kitu mpaka sherehe ya mwisho wa mwezi ujao. Nifanye nini? Nimwendee mama nimweleze kwa heshima kwamba kosa ni lake?

Mimi katika dhiki,
Thuku, Malindi

*

Thuku mwanangu,

Marahaba. Pole sana, na pole yangu ni ya kweli, maana nimekuona ukitembea na vibuyu vyako nikataka kulia na kucheka kwa pamoja. Sasa weka brashi chini ukae, kwa sababu nina maneno na wewe.

Ukimwendea mama wa watu ukamwambia kosa ni lake, hata kwa heshima ya kupiga magoti, mke huna. Umeniandikia habari za herufi, kivuli, sahani na mishale mpaka ya kupinda kona, na katika yote hayo hukujiuliza hata mara moja yule anayeingia langoni anatafuta nini. Mama Kache hakuja kutafuta Kitengo. Alikuja na mtoto mwenye homa. Mwambire ameulizwa kwa maneno ya kawaida kabisa, "Mtoto wa homa anatibiwa wapi?" Maneno hayo hayako popote katika ubao wako! Umeandika majina wanayoyajua walio ndani, na walio ndani, baba, hawasomi vibao. Wanazijua njia kwa miguu yao.

Na huo mlango. Wewe Thuku umekaa pwani hii miaka mingapi? Hakuna mtu wa heshima huku anayesukuma mlango uliorudishwa. Mlango uliorudishwa unasema wenyewe hawajawa tayari kupokea mgeni, labda mtu amevua nguo, labda wana maongezi yao. Unapiga hodi, unangoja karibu, na usipojibiwa unaondoka kwa adabu zako. Wewe umempa bibi mtu mzima achague kati ya kukosa dawa na kukosa adabu, na yeye akachagua adabu, kisha ukamlaumu. Haya!

Mimi ni mzaliwa wa Takaungu. Vichochoro vyetu havina kibao hata kimoja na mgeni hapotei, unajua kwa nini? Kwa sababu hatumwambii njia yote kwa mara moja. Tunamwambia, nenda mpaka kwenye kisima, hapo ulizia. Akifika kisimani anaambiwa, pinda kwenye nyumba yenye baraza ya mawe, hapo piga hodi. Kila kona inampa neno moja, anakwenda nalo. Wewe umemsimamisha langoni ukammwagia kituo kizima kichwani, kisha kwenye kona zenyewe, pale anapobabaika, hukumwandikia kitu. Wala hukumwonyesha njia ya kutoka. Mtu akijua atarudi vipi huthubutu kwenda mbele.

Basi sikiliza. Kesho asubuhi mwendee mama bila mnazi, bila Kitsao, bila maneno ya kujitetea. Mwombe radhi, kisha mwombe akusindikize kituoni akuonyeshe aliposimama na alichokuwa akikiwaza pale. Na wewe funga mdomo wako. Ukijisikia kusema "lakini," kohoa.

Halafu tafuta akina mama ambao hawajawahi kukanyaga hapo, wa Junju hata, wasio na jamaa ndani wa kuwaita. Mpe mmoja shughuli, "Nenda ukapimwe damu," mwingine, "Nenda kachukue dawa." Waache waende. Usiwaonyeshe kwa kidole, usiwaonyeshe kwa jicho. Utaumia, najua, utataka kupiga kelele, lakini ukiwasaidia hutajifunza kitu. Na kila atakayepotea, aliyeshindwa si yeye. Kimeshindwa kibao chako.

Usibishane na Bwana Kioko. Mtu aliyesifu kitu mbele za watu hairudishi sifa yake kwa maneno. Mwekee kiti barazani, mpe chai, aketi nawe atazame. Macho yake yatamweleza.

Na yule Joram mwambie Bi Mwanatumu amesema atafute chumba kingine. Kache ana akili kuliko nyinyi wawili. Mkikimbilia Nyeri, mtakuwa mmepotea kweli.

Bi Mwanatumu

*

Kwako Bi Mwanatumu,

Shikamoo tena, na safari hii nakuandikia nikiwa nimesimama kwa furaha, karatasi iko juu ya cherehani ya Kache!

Nilifanya yote. Kwa mama nilikohoa mpaka akaniuliza kama nina kifua. Alinisimamisha mbele ya ule mlango wa kijani akasema, "Hapa ndipo nilipojiona mjinga, mwanangu, na mimi si mjinga." Bi Mwanatumu, neno hilo liliniingia.

Kisha nikawaleta akina mama wa Junju, na Bwana Kioko nikamwekea kiti na chai. Wa kwanza alipopotea akasema huyo ni mmoja tu. Wa pili alipopotea akaacha chai. Mwingine alipofika mlangoni na kusema hodi mara ya pili bila kujibiwa, Bwana Kioko aliruka kutoka kitini, akaubamiza mlango mpaka ukutani, akapaza sauti, "Karibu mama! Karibu, ingia!" na karani aliyekuwa akipiga chapa nusura aanguke. Kutoka hapo hatukubishana tena. Yeye mwenyewe alishika ngazi nilipokuwa nikifuta ubao.

Sasa milango yote iko wazi na Kache ameishonea mapazia, manjano kwa watoto, buluu kwa damu, nyekundu kwa dawa. Langoni nimeandika maneno machache tu, MTOTO ANAUMWA, FUATA MANJANO. KUPIMWA DAMU, FUATA BULUU. KUCHUKUA DAWA, FUATA NYEKUNDU. Kila kona ina alama ya rangi hiyo hiyo usawa wa macho, na popote ulipo unaona NJIA YA KURUDI LANGONI. Kivuli chekundu nimekiondoa. Kilikuwa kinazisonga herufi, na nililia kidogo.

Siku ya sherehe, wakubwa wakiwa kwenye hotuba, namwona mama Kache anaingia na mjukuu anayetakiwa kuchanjwa. Nikajificha nyuma ya tangi la maji, nimejiuma kidole. Akatazama ubao, hakukaa. Akapita Mwambire bila kumuuliza. Kwenye kona akageuza kichwa kidogo, akapinda. Akafika kwenye pazia la manjano. "Hodi!" Na kutoka ndani, watu wote kwa pamoja, "Karibuuu!" Nilisikia mpaka kwenye tangi, na machozi yakanitoka hapo hapo, sioni haya kukwambia.

Alipotoka alimkuta kikongwe mmoja amesimama katikati ya ua na karatasi ya dawa mkononi. Akamshika kiwiko. "Twende, dada. Si mbali. Fuata nyekundu." Akampeleka mpaka dirisha la dawa kama nyumba ni yake! Mwambire sasa analalamika kwamba kazi imekuwa baridi, hakuna anayemuuliza kitu.

Jumapili nikapeleka vibuyu. Mzee Kitsao akamuuliza Kache mbele ya ukoo, "Mnazi huu tuunywe?" Kache akasema, "Unyweni." Wote wakamgeukia mama. Akachukua kata ya kwanza yeye, akanywa mpaka chini, akaifuta midomo yake. "Niliuliza, mwanangu atapelekwa wapi?" akasema. "Leo nimeona mwenyewe. Huyu anajua kumfikisha mtu." Vigelegele vilivyopigwa, nina hakika vilisikika mpaka kwenu Takaungu.

Wako mwenye raha,
Thuku

*

Thuku mwanangu, na Kache binti yangu,

Marahaba, na hongera tele! Nimeusoma waraka wenu kwa sauti hapa ofisini, na wapiga chapa wameacha mashine zao wakanipigia makofi. Mlango wa nyumba yenu nao muuache wazi kama ile ya kituoni.

Harusini nakuja. Usinichoree ramani, usinitumie mtu wa kunipokea. Weka kibao kimoja barabarani na pazia la manjano mlangoni, kisha kaeni ndani mnisikilize nikipiga hodi.

Bi Mwanatumu