Namba Nne Alizozifunika kwa Kofia

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nina mengi na leo hupo wa kunikatiza.

Kwanza, siri yako imetoka. Imetoka hapa hapa Itigi, siku ya mazishi yako, mbele ya umati. Aliyeitoa ni Mama Nyamizi, mtani wetu. Unawajua Wanyamwezi, hawatuonei huruma sisi Wagogo hata msibani. Alivaa kofia yako ya reli, akaichukua kadi yako ya benki kabatini, akasema hairudishi mpaka tuikomboe. Kisha akasimama mbele ya ukuta wa jiko, eti ndiyo ATM ya Singida mjini. Akavua kofia, akaufunika ukuta kwa kofia hiyo, akawageukia waombolezaji kwa jicho baya kana kwamba kila mmoja ni mwizi. Ndivyo ulivyokuwa, Baba! Hata Mama ulikuwa unamwambia asogee kule. Tulicheka huku machozi yanatiririka.

Halafu akaanza kubonyeza ukuta huku akizitaja namba zako nne, moja moja, kwa sauti yako ile ile ya kuita majina ya stesheni.

Wastaafu wenzako waliangua kicheko. Kumbe wote walikuwa wanazijua! Miaka yote ulizifunika kwa kofia huku unazitaja kwa mdomo. Foleni nzima inasikia, kila mwezi, na hakuna aliyewahi kukugusia hata senti. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na hapo ndipo nilipokulilia hasa.

Na ni wewe uliyenifundisha kadi! Uliniketisha mkekani ukaipindua. Namba ndefu ya mbele ndiyo ya kuitambulisha kadi, usimsomee mtu hovyo. Mwezi na mwaka pale chini ni mwisho wa kadi, si mwisho wa mwenye kadi (ilikutia wasiwasi mwaka mzima, usikatae). Tarakimu tatu za nyuma, karibu na sahihi, nazo usimpe mtu. Zile nne haziandikwi popote, zinakaa kichwani. Basi siziandiki hapa, ingawa Itigi nzima inazo.

Sasa sikia. Baba Mdogo hakucheka. Kabla hatujaanua matanga aliniita pembeni: kadi ipo, namba tumezisikia, twende mjini tukazitoe pesa zote kabla benki hawajajua kuna msiba. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Angezishika yeye, awe anampa Mama kidogo kidogo. Mama alikuwa ameketi karibu, kichwa chini, anasikia yote. Nikaona mama yangu anageuzwa mtoto mdogo nyumbani kwake mwenyewe. Hasira ilinipanda, Baba.

Nikamjibu kwa heshima zote: mwenye namba amekufa, na kazi ya namba imekwisha. Nikaikomboa kadi kwa Mama Nyamizi kwa kuku wawili, nikaikata kwa mkasi mbele ya ukoo. Weee! Kelele zilizopigwa! Mtoto wa kike ameota mapembe, wakasema. Sawa, ninayo.

Vipande tulivipeleka benki pamoja na cheti cha kifo. Wakatutuma mahakama ya mwanzo, na huko Mama akateuliwa msimamizi wa mirathi. Ilichukua miezi, na kuna siku tulikula uji asubuhi na jioni. Baba Mdogo alikuwa akipita akituuliza kama tumeshiba. Leo akaunti ni ya Mama, kwa jina lake, na kadi yake anayo.

Juzi tulikwenda Singida akachague namba yake ya siri. Akanivuta mkono nimbonyezee. Ng'o! Nilisimama mbali, nikampa mgongo. Alichukua muda, watu nyuma wakaanza kuguna, nikawakodolea macho wakanyamaza. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake. Sijamwona akitembea vile, kifua mbele, tangu tukuzike.

Pumzika, Baba, usiwe na wasiwasi na nyumba yako. Nakuahidi Mama nitamtunza mpaka mwisho. Ila namba yake siijui, na siku akitaka kuniambia nitaziba masikio.

Binti yako,
Neema