Baba, ulisema ni mbu

Baba yangu,

Nikikukumbuka, hasira hutangulia, ndipo machozi hufuata.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Kasenga kuuza samaki, ulikolala na wachuuzi wenzako mmebanana chumba kimoja? Haikupita muda, nyumba yetu nzima pale Kashikishi ikawa inajikuna. Ukasema, "Ni mbu wa ziwa." Mama akakunyooshea mkono wake. "Mbu gani huyu anauma katikati ya vidole na kiunoni, chini ya nguo?"

Dresa wa dispensari hakuhitaji kutazama sana. Upele. Akatupatia kopo la mafuta ya kiberiti ya kuua vijidudu vyake, akasema tupakwe wote siku moja, toka shingoni hadi nyayoni, hata asiyewashwa, na nguo na mablanketi vichemshwe. Tukapakwa, tukanuka kama mayai viza. Wewe ukakaa nje na kiko chako: "Miye siwashwi. Mutu muzima hapakwi mafuta kama mutoto."

Tukapona. Ukatuambukiza tena. Mama akachemsha tena, akapaka tena, nawe ukakataa tena! Safari hii viganja vya Mwape, kitinda mimba wetu, vikajaa usaha, homa ikampanda hata akakataa kunyonya. Dresa akamdunga sindano, kisha akamgeukia mama: "Nani nyumbani hajapakwa?"

Tuliporudi, Mwape alikunyooshea mikono kama kawaida yake. Mama akamvuta nyuma. "Upakwe kwanza. Bila hivyo hutamugusa huyu mutoto." Mwape akalia. Ukabaki umesimama, mikono wazi, majirani wakitazama. Kisha ukavua shati.

Mimi ndiye niliyeshika kopo mama akikupaka, ndiyo maana niliuona mgongo wako. Ulikuwa umechubuka wote, una vidonda vya kujisugua ukutani. Kumbe ulikuwa unawashwa kutushinda sote, baba, na umenyamaza!

Mwape alipona, sasa ana watoto wake. Lakini wewe hukujifunza kitu. Hata kifua kilichokuja kukuua ulikiita vumbi la njiani, mpaka asubuhi uliyoshindwa kuinuka. Ningekupeleka mwenyewe kwa dresa. Ningekubeba mgongoni, watu wacheke wakitaka. Ungesema tu, baba. Neno moja.

Pumzika sasa. Mama naye yuko huko. Ukiumwa mahali, mwambie.

Ni mimi, binti yako mkubwa