Mikono Mbili Ndani ya Tableau

Micheline, uko? Bwana yangu Mahmoudi amerudi ku examen ya ba électricien. Wamemunyima agrément, ile karatasi ya ruhusa ya kazi!

Walimupa tableau ya courant ya kutengeneza, ile sanduku ya nyaya ku ukuta, na courant ilikuwa imekatika muji muzima. Unamujua. Miaka yote anafanyaka kazi wakati courant haiko, donc akaingiza mikono moja kwa moja. Hakushusha kwanza disjoncteur ya mulangoni, ile inakataka courant ya nyumba yote. Mikono mbili, Micheline!

Mara watoto wa inje wakapiga kelele: "Courant! Imerudi!"

Mahmoudi akaruka, tournevis ikaanguka. Akangoja kufa. Hakuna kitu! Muzima kabisa.

Ingénieur mwenye kumupima akamwambia polepole: "Papa, mimi ndiye nilishusha disjoncteur wakati uliingiza mikono. Bila mimi, bibi yako angekuwa analia sasa."

Bibi yako! Ule ni mimi, ma chère! Mikono mbili!

Bon, sasa courant imekatika tena, hapa kwetu Kabondo yote hakuna hata frigo moja inalia. Mboga ya pondu inapoa mezani. Naita, naita, hakuji.

Amesimama mbele ya disjoncteur yetu. Ameishusha, na bado anaishikilia na mukono.